Nina vifaa vyote vya kompyuta mezani, nianze kufunga kipi?

KijanaWaMbagala

Wakuu, habari za jioni.

Nimejichanga mpaka vifaa vya kompyuta ya mezani vimetimia. Kazi yake kubwa ni kuhariri video za harusi na sendofu, na gemu kidogo usiku. Vyote bado vipo kwenye maboksi:

Prosesa Ryzen 5 5600, imekuja na kipoza chake
Madabodi B550M, saizi ya micro-ATX
RAM DDR4 3200, vijiti viwili vya GB 8
SSD ya NVMe, TB 1
Kadi ya grafiki RX 6600
Pawasaplai ya wati 550, ile ambayo waya zake hazichomoki
Kasha la micro-ATX, upande mmoja kioo

Kinachonichanganya ni mpangilio. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anasema nifunge madabodi kwenye kasha kwanza, ikishatulia ndiyo niweke prosesa, RAM na mengineyo. Nikiingia kwenye video, kila mtu na lake. Huyu anaanza na pawasaplai, yule anaweka kipoza mwanzo, mwingine anakiweka mwisho kabisa. Nani yuko sahihi? Na nikifuata ya fundi kuna ubaya gani?

Sina haraka. Nataka nifunge mara moja, nisije nikafungua tena.

Kipanga_Mweusi

Ngoja nivute kiti, wataalamu wanakuja.

MzeeWaBisibisi

Mkuu, hongera. Vifaa umevichagua vizuri, vinaelewana.

Hakuna sheria inayosema hiki kitangulie hiki. Kinachoamua mpangilio ni nani anamziba nani. Kila kifaa ukishakifunga kinaficha tundu, skurubu au soketi ya kifaa kingine. Basi kabla ya kila hatua jiulize: nikiweka hiki sasa hivi, kuna sehemu vidole vyangu havitafika tena? Kama ipo, kazi ya sehemu hiyo itangulie. Hao wa kwenye video wanatofautiana kwa sababu makasha na vipoza vyao vinatofautiana, siyo kwamba mmoja ni muongo.

Ya fundi wako itawaka, sikatai. Ila utakuwa umeinamisha kichwa ndani ya bati, tochi ya simu mdomoni, unatafuta kona ya soketi kwenye kiza. Mimi vitu vinne navifunga madabodi ikiwa bado mezani, juu ya boksi lake la karatasi: prosesa, RAM, SSD na kipoza. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa. Mfuko ule upande wa nje unaweza kupitisha umeme, na hapo baadaye tutawasha.

Prosesa ndiyo ya kwanza. Ryzen za soketi ya AM4 zina pini chini ya prosesa yenyewe, 1331, na ukiipinda moja umejitafutia kazi ya sindano na miwani. Inua wenzo wa soketi mpaka usimame. Kona moja ya prosesa ina pembetatu ya dhahabu, na soketi ina alama kama hiyo. Zikikutana, iachie tu, itadondoka yenyewe kwenye nafasi. Haidondoki? Inua, angalia tena pembetatu. Hapa nguvu haihitajiki hata chembe. Ikishakaa, shusha wenzo.

RAM: una vijiti viwili na pengine sloti nne. Hesabu kutoka kwenye prosesa, weka ya pili na ya nne (kitabu kitaziita A2 na B2). Ukiviweka pamoja kwenye ya kwanza na ya pili, madabodi nyingi zitaviendesha kwa njia moja badala ya mbili, na mtu wa kuhariri video utaiona tofauti.

SSD: B550M nyingi zina sloti mbili za M.2. Tumia ile ya juu, iliyo karibu na prosesa. Hiyo inaunganishwa moja kwa moja na prosesa na kwa 5600 yako inatembea kwa PCIe 4.0, yaani njia yenye kasi zaidi. Ingiza kwa mshazari, kama nyuzi 30, kisha ilaze na ufunge kile kiskurubu. Kiskurubu chenyewe kinaweza kuwa kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi la madabodi, watu wanakitupa bila kujua. Ndiyo sababu ya kuifunga mezani: kikidondoka unakiona. Na baadaye kadi ya grafiki itabana eneo hilohilo.

Kama SSD ina bati lake la kupoza, chini ya bati kuna karatasi ya nailoni. Ibandue. Nimefungua mashine za watu zikiwa na nailoni hiyo bado ipo.

MzeeWaBisibisi

Naendelea na kipoza, maana hapa ndipo pana maneno.

Kipoza cha 5600 kinafungwa kwa skurubu nne zenye springi. Madabodi yako itakuja na vibano viwili vya plastiki nyeusi pembeni ya soketi, kila kimoja kina skurubu mbili. Kipoza chako hakitumii hivyo vibano, kwa hiyo unavifungua. Sasa sikiliza: skurubu hizo nne ndizo zinazoshikilia bamba la chuma lililo nyuma ya madabodi. Ukizifungua zote, bamba linaachia. Madabodi ikiwa juu ya boksi, bamba limelala chini palepale, haliendi kokote. Ikiwa imesimama ndani ya kasha, bamba linaangukia nyuma na wewe unabaki umeshika kipoza kwa mkono huu na kutafuta bamba kwa mkono ule. Kwa aina yako ya kipoza, hiyo peke yake inatosha kumjibu fundi.

Pesti ya joto tayari imepakwa chini ya kipoza, usiongeze. Usiiguse kwa kidole, na usikijaribishe mara mbilimbili kuona kama kinaenea. Kiteremshe wima, kisha kaza kwa msalaba: skurubu hii mizunguko miwili mitatu, halafu ya pembe ya mkabala, unarudi, mpaka zote zifike mwisho. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, upande wa pili utanyanyuka. Waya wa feni unaingia palipoandikwa CPU_FAN, usiweke pengine, kwa kuwa madabodi nyingi zitalalamika zikiwashwa bila kuona feni hapo.

Sasa kabla ya kugusa kasha, washa.

Najua utaona ni kazi mara mbili. Lakini prosesa yako imetoka 2022, na madabodi za B550 zilianza kuuzwa 2020. Kama yako imekaa sana rafuni inaweza kuwa na BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine) ya zamani isiyoijua 5600. Bora uligundue hilo mezani. Nyingine zina kitufe nyuma cha kuweka BIOS mpya kwa flashi hata kama prosesa haitambuliki. Angalia kitabu chako.

Kuwasha mezani: chomeka ule waya mpana wa pini 24, kisha waya wa prosesa wa pini 8 kwenye kona ya juu kushoto. Weka kadi ya grafiki kwenye sloti ya juu na uipe waya wake wa pini 8. Kadi lazima uiweke, 5600 haina grafiki ya ndani. Bati la kadi linashuka chini kuliko madabodi, kwa hiyo sogeza mpaka upande huo uning'inie nje ya ukingo wa boksi, la sivyo kadi inakaa upande. HDMI ichomeke kwenye kadi. Ile ya madabodi haitakupa kitu.

Tahadhari na zile pini 8. Waya wa prosesa na waya wa kadi zinafanana kwa mbali, na umeme wake umepangwa kinyume. Wa prosesa unagawanyika nne na nne, wa kadi unagawanyika sita na mbili. Haziingiliani kirahisi, ila mtu mwenye nguvu na haraka anaweza.

Hujawa na kitufe cha kuwashia. Tafuta pini zilizoandikwa PWR_SW, zigusishe mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Feni zikizunguka, ingia BIOS, hakikisha RAM inasoma GB 16, SSD inaonekana, joto la prosesa limetulia. Zima. Zima na swichi ya pawasaplai. Toa kadi. Tutaendelea kwenye kasha kesho, macho yameanza kuuma.

Fyuzi13

Mzee umesema vizuri. Naongeza upande wa umeme.

Kama pawasaplai yako nyuma ina kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka chochote. Sisi umeme wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 utasikia mlio na harufu, biashara imeisha. Pawasaplai nyingi za sasa zinajirekebisha zenyewe na hazina kiswichi hicho, lakini za bei ya chini bado zinacho.

Kuhusu kujitoa umeme wa mwilini: watu wanasema chomeka pawasaplai ukutani, swichi zote ziwe zimezimwa, halafu gusa bati la kasha mara kwa mara. Ni kweli, soketi zetu za pini tatu ukizima swichi ya ukutani waya wa ardhi unabaki umeunganishwa. Lakini hiyo ni kama nyumba yako ina huo waya wa ardhi. Nyumba ngapi za kupanga ukifungua soketi unakuta waya mbili tu? Kwa hiyo usiitegemee sana. Gusa chuma kikubwa kabla ya kushika kifaa, shika vifaa pembeni, usifanyie kazi juu ya zulia.

Na kwa Dar tusidanganyane, unyevu ulivyo hapa umeme wa mwilini siyo tishio la kwanza. Tishio ni jasho. Usiku wa joto, feni imezimika kwa sababu umeme umekatika, jasho la paji la uso linadondokea kwenye soketi. Weka taulo shingoni. Walio Dodoma kiangazi au nyanda za juu wakati wa upepo mkavu, hao ndiyo wachukue tahadhari zaidi.

Kipanga_Mweusi

Napingana na Mzee kidogo kwenye kipoza. Mimi nina kipoza kirefu cha mnara, feni mbili. Nilivyokifunga mezani, madabodi ilivyoingia kwenye kasha sikuweza kuifikia skurubu ya juu kushoto, na ule waya wa prosesa haukupita, kipoza kimejaa kona yote. Kwa vipoza vikubwa, madabodi iingie kwanza, kipoza baadaye.

MzeeWaBisibisi

Kipanga, hatupingani, umetumia kanuni ileile ya nani anamziba nani. Kipoza chako kinaziba kona, basi kona ishughulikiwe kwanza.

Mimi kwa mnara mkubwa nafanya hivi: bamba la nyuma na vishikio vyake nafunga mezani, madabodi inaingia, skurubu zote zinakazwa, waya wa prosesa unapita na kuchomekwa, ndiyo chuma cha kipoza kinakuja juu. Feni zake mwisho. RAM iwe imeshaingia, kwa sababu feni ya mbele mara nyingi inakaa juu ya sloti. Vipoza vya maji hivyohivyo, rejeta inafungwa kwenye kasha kwa hiyo huna namna ya kumaliza mezani.

Kijana wa Mbagala ana kipoza kidogo kinacholala chini. Hakimzibi mtu. Kiingie mapema.

MzeeWaBisibisi

Haya, kasha.

Fungua pande zote mbili. Kioo kiweke mbali, juu ya kitanda. Kioo hicho ukikisimamisha kwa kona kwenye vigae kinaweza kupasuka chote kwa mpigo.

Kazi ya kwanza kwenye kasha watu wengi hawaijui. Nyuma, mahali kadi ya grafiki itakapotokea, kuna vipande vya bati. Makasha ya bei nzuri vimefungwa kwa skurubu. Ya bei ya kawaida vimeshikamana na kasha lenyewe, unavikunja mbele na nyuma mpaka vikatike. Vikate SASA, kasha likiwa tupu. Ukisubiri mpaka madabodi iwe ndani, mkono ukiteleza bati linakwaruza madabodi, na vichembe vya chuma vinaingia usikojua. Kwa RX 6600 kata viwili vinavyolingana na sloti ya juu, lakini hakikisha kwanza kwa kuisogeza madabodi bila kuifunga, usije ukakata tundu lisilo lako.

Cha pili, vijinguzo vya shaba vinavyoinua madabodi isiguse bati. Linganisha na matundu ya madabodi yako. Kila tundu liwe na kijinguzo chake, na kusiwe na kijinguzo hata kimoja mahali pasipo na tundu. Hicho cha ziada ndicho kinachogusa mgongo wa madabodi na kupiga shoti. Kama kasha linapokea na madabodi kubwa za ATX, vinaweza kuwa vimefungwa kwa mpangilio wa hizo kubwa.

Cha tatu, bati la nyuma lenye matundu ya USB na HDMI, kama halijaunganishwa na madabodi. Linapachikwa kutokea ndani na linakaa kwa kubofya kona nne. Ukilisahau, unatoa madabodi nzima, hakuna njia ya mkato. Madabodi ikiingia chungulia: lile bati lina vilimi vidogo vya chuma, na kimoja hupenda kuingia ndani ya tundu la USB au la waya wa intaneti badala ya kukaa juu yake.

Pawasaplai yako haichomoki waya, kwa hiyo mimi ningeitanguliza kabla ya madabodi. Ule mkia wote unahitaji nafasi ya kupita. Feni yake iangalie chini kama kasha lina matundu na kichujio chini. Kisha chukua waya wa prosesa, uupitishe nyuma hadi tundu la kona ya juu kushoto, uache ncha ikining'inia. Kwenye makasha mengi ya micro-ATX tundu hilo ni dogo, na madabodi ikishakaa linabanwa kabisa. Nimeona watu wanaupitisha waya huo mbele, juu ya madabodi, kisa walisahau kuutanguliza.

Madabodi iingie kwa mshazari, upande wa matundu ya nyuma kwanza, halafu ilaze. Anza skurubu zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza moja mwanzo, tundu la mwisho halitalingana na utabaki unasukuma.

Nyaya ndogo kabla ya kadi. Zile za kitufe cha kuwashia, za sauti, za USB ya mbele, karibu zote ziko ukingo wa chini wa madabodi, na kadi ikiingia inaweka kivuli eneo lote. Za kitufe cha kuwasha na cha kuwasha upya hazina upande, hata ukizigeuza zinafanya kazi. Za taa zina chanya na hasi, ukigeuza taa haiwaki tu, hakuna kinachoungua. Ile ya USB 3.0, nene yenye pini 19, iingize wima kabisa. Pini zake ni laini, na ukitaka kuichomoa siku nyingine ukaivuta kwa hasira, unang'oa na kiota chake.

Kadi ya grafiki mwisho. Kubwa, nzito, inaziba kila kitu. Isukume mpaka usikie kikomeo cha sloti kikibana, kaza skurubu zake nyuma, mpe waya wake. Umemaliza.

BintiWaTanga

Mzee shikamoo, somo limeeleweka. Niongeze kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na AM5, ile soketi iliyoanza 2022, maana mambo mawili yanabadilika.

Pini haziko tena kwenye prosesa, ziko kwenye soketi, 1718. Intel nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo cha kulindwa ni madabodi. Kile kifuniko cheusi cha plastiki juu ya soketi usikitoe. Weka prosesa, funga bati lake, kifuniko kitaruka chenyewe. Kitunze, ukipeleka madabodi kwenye garantii bila kifuniko wanaweza kukukatalia.

La pili, ukiwasha mara ya kwanza na DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Feni zinazunguka, hakuna picha. Madabodi inaipima RAM. Watu wanazima wakidhani imekufa, wanawasha tena, inaanza upya, mwisho wanarudisha dukani kitu kizima. Acha, nenda kachemshe chai.

MzeeWaBisibisi

Marahaba dada. Hilo la DDR5 ni kweli tupu.

KijanaWaMwishoLuthuli

Salamu kutoka Nairobi. Swali: mimi nina zile Dell OptiPlex zilizotoka Uingereza zikiwa zimetumika, nataka kuhamisha madabodi yake niweke kwenye kasha jipya lenye taa. Mpangilio ni huuhuu?

MzeeWaBisibisi

Ndugu yangu, hapo utapoteza pesa ya kasha. Mashine nyingi za ofisi za aina hiyo zina madabodi na pawasaplai za umbo lao wenyewe. Matundu ya skurubu hayalingani na kasha la kawaida, plagi ya umeme siyo ile ya pini 24, hata waya za kitufe cha mbele ni tofauti. Iache kwenye kasha lake. Ongeza RAM, weka SSD, na ukitaka kadi tafuta isiyo na waya wa umeme, zile zinazokula wati 75 kushuka chini kutoka kwenye sloti. Pima urefu na kimo cha kasha kwanza, zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu.

KijanaWaMbagala

Wakuu nimerudi. Nimefuata ya Mzee, niko kwenye hatua ya kuwasha mezani. Feni zinazunguka, za kadi pia, ila skrini nyeusi. Kwenye madabodi kuna taa nne ndogo, imeng'ang'ania inayosema DRAM. BIOS ya zamani nini?

Fyuzi13

Usiende huko. Ingekuwa BIOS haiijui prosesa, mara nyingi taa inang'ang'ania kwenye CPU. DRAM ni RAM. Zima, toa vijiti vyote viwili, rudisha. Sloti zako zina kikomeo upande mmoja au pande zote?

KijanaWaMbagala

Upande wa juu tu. Chini hakuna kikomeo.

Fyuzi13

Ndiyo hiyo. Za hivyo zinadanganya. Unabonyeza juu, kikomeo kinalia "ta", unaona imeingia, kumbe upande wa chini umebaki umenyanyuka milimita moja. Anza kubonyeza chini, kisha juu. Inama usawa wa madabodi uangalie, zile dhahabu za kijiti zizame zote sawasawa. RAM inataka nguvu kuliko unavyodhani, madabodi itapinda kidogo, usiogope. Ikigoma weka kijiti kimoja tu kwenye A2.

KijanaWaMbagala

Imewakaaa! GB 16, SSD ipo, joto la prosesa nyuzi 41. Ila inaandika RAM 2666 badala ya 3200, nimeibiwa?

BintiWaTanga

Hujaibiwa. Bila kuambiwa, madabodi inaanza na kasi ya kawaida ya usalama. Ndani ya BIOS tafuta XMP (kwingine wanaita DOCP), ndiyo inayoiambia RAM itembee kwa kasi iliyoandikwa, iwashe, hifadhi, toka.

Nyakato_Ziwani

Nami nipo Mwanza, kuna jamaa Dar ananifungia mashine kisha anaituma kwa basi. Amalize kufunga yote huko au?

MzeeWaBisibisi

Afunge yote, ajaribu, aweke Windows na draiva, halafu ATOE kadi ya grafiki. Irudi kwenye boksi lake, isafiri pembeni. Kadi inashikwa na skurubu mbili nyuma na sloti ya plastiki, na barabara ya huko ina matuta unayoyajua. Kasha likirushwa kwenye buti, uzito wote unaivuta sloti. Kipoza kama ni cha mnara mzito nacho kitolewe. Kama ni kidogo cha kwenye boksi, kibaki.

Akikitoa kwenye AM4, mashine iwe imetembea kidogo pesti ilainike, azime, akizungushe kushoto na kulia kwanza ndiyo akinyanyue. Akikivuta kikiwa cha baridi kinaweza kung'oka na prosesa imenata chini yake, pini zikapinda, wakati wenzo wa soketi bado umefungwa.

Kasha lilazwe, upande wa madabodi uwe chini. Wewe ukipokea, fungua ubavu kabla ya kuchomeka umeme, tikisa uone kama kuna kitu kinachogongagonga.

KijanaWaMbagala

Nimemaliza na kasha, mashine inafanya kazi, HDMI iko kwenye kadi. Asanteni sana, Mzee na wote. Swali la mwisho: nimebakiwa na mfuko wa skurubu kama ishirini hivi na vijinguzo vya shaba vitatu. Ni kawaida?

Kipanga_Mweusi

Hahaha, fundi asiyebakiwa na skurubu hajafunga kitu.

MzeeWaBisibisi

Skurubu ni kawaida, nyingi ni za diski na feni ambazo huna. Vijinguzo ni vya wenye madabodi kubwa ya ATX, lakini hakikisha: kila tundu la madabodi yako lina skurubu iliyokaza hadi mwisho? Kama kuna tundu ambalo skurubu ilizunguka tu bila kushika, chini yake hakuna kijinguzo, na hapo madabodi itapinda siku utakapochomeka USB kwa nguvu. Ukiwa na shaka, fungua ubavu uhesabu.

KijanaWaMbagala

Nimehesabu, zote zimekaza. Sasa naweka Windows.